Ndama wa Majani wa Mzee Masanja

Maziwa yakiungua jikoni kwa mkwe wangu, harufu ikinifikia tu huku ukumbini, naghadhibika. Watu wanadhani naona kinyaa. Si kinyaa jamani. Ni Shangazi Mwanahawa.

Tulikuwa tunakaa Gongo la Mboto, enzi za foleni ya duka la ushirika na ugali wa unga wa njano. Mie nilikuwa nimetoka kuugua surua, mbavu zinahesabika, na nesi wa zahanati akamwambia baba, "Huyu bila maziwa humuinui." Maziwa yalikuwa kwa jirani yetu, Mzee Masanja, aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka bara. Namtaja kwa jina, anastahili. Ndama wake alikuwa anaachiwa povu tu, mengine yote yanakwenda kuuzwa, mpaka yule mtoto wa ng'ombe akafa.

Sasa ng'ombe yule alikuwa hashushi maziwa asipomwona mwanawe. Mzee Masanja wala hakuhangaika. Alimchuna ndama, ngozi akaijaza majani makavu, akaishona, akaipaka chumvi. Kila asubuhi analiegemeza lile dubwasha mbele ya mama mtu. Mama analamba, analamba, huku nyuma ndoo inajaa. Sie watoto tulicheka mpaka tukakaa chini.

Shangazi, dada yake baba tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa amekuja kutuita chakula. Hakucheka. Alitukokota mie na kaka yangu Salumu mpaka uani.

"Wanangu, yale maziwa msinywe tena."

"Kwa nini shangazi?"

"Mmeona wenyewe. Mama mzima anafanywa mjinga mbele ya maiti ya mwanawe."

Salumu, ambaye mdomo wake haukuwaga na breki, akasema, "Ng'ombe ana akili gani, shangazi? Si anajilambia chumvi yake?"

"Anajua," shangazi akasema. "Usifikiri hajui."

Basi tukagoma. Baba aling'aka: "Dada, mtoto anatufia huyu, wewe unamlilia ng'ombe?" Ila fimbo nilichapwa mie, si shangazi. Kikombe kikiletwa nakaza meno, maana yeye amesimama mlangoni ananitazama, na macho yale nilikuwa siyawezi. Kila alfajiri akakalia mbuzi, akakuna nazi, akanipikia uji wa tui na karanga. "Mnazi haujafiwa na mtu," alikuwa akisema. Uji ule niliuchukia mpaka harufu ya sufuria yake!

Nilipona, lakini kwa kujikokota. Shule ikanipita, nami sikuikamata tena. Kila nilipompelekea mtu barua anisomee, nilimlaani shangazi kimoyomoyo, yeye na ng'ombe wake.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Tumekaa mkekani msibani, nikamwambia mama, "Huyu ndiye aliyeniponza, kisa ng'ombe." Mama akanitazama kama mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Mwanangu, ulipozaliwa mie sikuwa na hata tone. Wifi yangu alikuwa ametoka kumzika mwanawe mchanga. Tukampa wewe akunyonyeshe. Akakataa, na hata alipokubali, hayakutoka. Baba yako akasema uvishwe nguo za yule mtoto marehemu. Nikakuvisha. Yakatoka."

"Yeye hakujua?"

"Alijua. Alifumba macho, akawa anakunusa."

Nilikuwa nimemcheka yule ndama wa majani mpaka nikakaa chini, na shangazi amesimama nyuma yangu. Mtoto ningejulia wapi kwamba alikuwa akitutazama wote wawili, mie na yule ndama?

Baba ndiye aliyeamuru, mama ndiye aliyefunga vifungo. Nao nawataja. Mzee Masanja, pamoja na ubaya wake wote, ng'ombe wake angalau alimpa chumvi.