Siku Mwenyekiti Alipoachia Kiti

Mwanangu, umechaguliwa kuingia kamati ya chama chetu cha madaktari wa magonjwa ya akili, nami nimeshastaafu, nalima viazi vyangu hapa Njombe. Sikia basi. Naikumbuka siku moja ya baridi kali pale Makambako, chama kikiwa bado kichanga, wanachama wote tukienea katika ukumbi mdogo wa kanisa.

Mama mmoja wa Kitandililo alikuwa ameleta malalamiko. Mwenyekiti wetu, mzee aliyekianzisha chama, alikuwa amesimama msibani akawaomba majirani wampe kazi kijana wa mama huyo, mgonjwa wake, maana “ukichaa wake umepona.” Alisema kwa huruma, maskini. Lakini neno likiponyoka halirudi: kijana akawa anaitwa kichaa sokoni, akaacha kuja kliniki.

Wenzangu walitaka tuyamalize kimyakimya. “Huyu akianguka, chama kimekufa,” katibu alinong’ona.

Mzee akasikia. Akainuka, akaniita mimi, mdogo kuliko wote kwenye kamati.

“Binti yangu, kaa hapa uendeshe kikao. Leo mimi ni mlalamikiwa.”

“Mzee wangu, nitakuhukumuje wewe?”

“Katiba tuliyoiandika ndiyo itakayonihukumu. Sheria ni msumeno. Kaa.”

Nikakaa. Mama akaeleza yote, mzee hakujitetea. Tukaamua aache uenyekiti, aende kuomba radhi.

Kesho yake nilimsindikiza Kitandililo. Tulimkuta kijana akipalilia mahindi. Mzee akamwomba radhi. Kijana alimsikiliza bila kuinua uso, kisha akasema, “Nimekusamehe, daktari. Kliniki nitarudi. Ila kwako sitakuja, nitakuja kwa huyu dada.”

Mzee akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga. Kijana yule nilimtibu miaka mingi. Leo ana mke na watoto. Na chama hakikufa. Watu wa Mdandu, wa Makete huko, walianza kutuletea malalamiko yao, na wagonjwa waliokuwa wakiwaficha ndani.

Basi nakuusia, mwanangu: siri ya mgonjwa usiitoe hata kwa wema. Na siku shauri likikugusa wewe, mpishe mwingine kwenye kiti, hata kama chama ulikijenga kwa mikono yako. Mkubwa ni jalala, hubeba na aibu yake mwenyewe.

Nenda salama. Mungu aulinde ulimi wako, akupe wenzako wasioogopa kukukosoa, na wagonjwa wako wakutazame bila hofu.