Tulidhani ni Dagaa

Mwaka ule vita ilipokuwa ng'ambo ya ziwa, sisi watatu tulikuwa na wazimu wetu wa kutembea. Shule tumemaliza, kazi hatuna, nauli ya boti hatuna, basi tunatoka Ujiji alfajiri na kupiga mguu kufuata ufukwe, tunalala popote giza litakapotukuta. Safari ile tulipanga kufika Mtanga siku ya pili. Mmoja wetu alikuwa fundi baiskeli, mcheshi, mwenye roho laini kuliko sisi wote. Mwingine alikuwa binamu yangu, mkali wa kupanga mambo. Mimi nilikuwa mbeba sufuria.

Tulipopita Kalalangabo, mawingu yakashuka kutoka milima ya Kongo. Binamu akataka tupande kilimani tukajibanze kwenye nyumba za watu. Mimi nikaona mbele, kwenye mchanga, maturubai marefu yametandazwa kwa safu, yamekandamizwa kwa mawe. Nikasema wale ni dagaa. Kwetu, mvua ikikaribia, mpita njia haulizi dagaa ni wa nani. Anawaanua, anawaingiza bandani, na mwenye mali anamchotea bakuli. Nikaona mboga tumepata, na paa la kulala tumepata. Mpango ukabadilika hapo hapo, tukatimua mbio.

Mimi ndiye niliyefika kwanza. Niling'oa jiwe, nikavuta turubai kwa nguvu, na chini yake walikuwa watu.

Walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, wanawake, watoto, wazee. Walikuwa wamevuka ziwa usiku wakaishiwa nguvu pale pale. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mama mmoja aliinuka, akanitazama bila hasira yoyote, akaanza kufungua fundo la kitenge chake.

"Tafazali, baba, mubebe byote," alisema. "Mutuachie tu batoto."

Akaweka hereni mchangani, mbele ya miguu yangu. Jirani yake akaweka sufuria. Mzee mmoja akavua saa. Safu nzima ikafuata, kila mtu na chake, bila kuamriwa, kama watu waliokwisha kufanya hivyo mara nyingi. Nami nimesimama na turubai lao mkononi, nashindwa hata kusema mimi si mwizi.

Mvua ikaanguka. Mawimbi yalishaanza kufika miguuni mwao, na kijito kilichokuwa nyuma yao kikifurika wasingeweza kutoka. Tukawaambia wainuke twende kwenye banda la dagaa, juu ya mteremko. Hakuna aliyesogea. Binamu akafoka, akaharibu kabisa, watoto wakafunika nyuso.

Fundi ndiye aliyepata akili. Alishusha mfuko wake akaumwaga juu ya vitu vyao: shati, sabuni, bisibisi, mkate wetu wa njiani. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Shikamoo, mzee," alimwambia yule aliyevua saa. "Na vyetu hivi hapa. Mkiona tunawadanganya, chukueni."

Nasi tukamwaga vyetu. Mzee aliutazama ule mkate ulivyolowa, akacheka kidogo, akainuka. Wote wakainuka.

Binamu na mimi tulibeba watoto, fundi akakusanya vitu akavileta bandani, watu wakachukua vyao. Kesho yake tuligeuza kurudi Ujiji. Mtanga hakuna aliyeitaja tena. Njia nzima nilijiona mtu mwema, sikatai.

Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi baiskeli ya baba. Aliponyoosha mkono kuzungusha pedali, nikaiona saa.

"Hiyo si ya yule mzee?"

"Ndiyo." Hakushtuka hata kidogo. "Kwani si alitupatia mwenyewe?"

Nilisubiri acheke, maana alikuwa mtu wa utani. Aliendelea kuzungusha pedali, akisikiliza mnyororo.

Ndipo nikakumbuka kule bandani. Mzee alikuwa anapapasa kifundo cha mkono wake mtupu, mimi nikadhani ni baridi. Alipoona namtazama alitabasamu haraka, akauficha mkono nyuma ya mgongo.