Kunde, Kutu na Wifi

Radhiya wa Kiboje alikuwa na kunde na alikuwa na wifi, na mwaka huu vyote viwili vilitaka kumtoa roho. Kunde zilikuwa mbegu ya marehemu mama yake. Zilizobaki kwenye chupa, zimetiwa jivu zisiliwe na wadudu, alizipanda zote, hakuacha hata punje, na sasa majani yameingia kutu, ule ugonjwa unaoacha unga mwekundu vidoleni. Zisipokomaa, mbegu ya mama imekwisha.

Kunde nazo zina ujuba wao. Huuparamia muhogo bila kubisha hodi, lakini zikiondoka huacha ardhi ina rutuba. Kutu hula jani bichi, likinyauka huhamia la pili, wala haina inachorudisha. Kuhama kwenyewe inataka umande na mkono wa mtu.

Mkono ulikuwa wa Zeyana, dada wa mumewe. Kila asubuhi umande haujakauka, huyo shambani, anachuma majani ya mboga safu hii na safu ile. Kumnyima mtu majani ya kunde ni aibu kubwa, basi Radhiya alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda.

"Wifi, nakuomba uje jua likishapanda. Umande unaeneza kutu."

"Sema hutaki kunipa!" Zeyana akaondoka kanuna.

Radhiya akapumua. Haikupita wiki, alfajiri akawakuta wanawake wa mtaani wamejaa kwenye kunde, wanapalilia, kanga zimewarowa na zina wekundu mpaka magotini.

"Nlikukosea, wifi," Zeyana akasema, uso umemchangamka. "Basi tushakupalilia lote!"

Lote! Hakuna safu iliyosalimika. Radhiya alitaka kupiga ukelele, akaishia kuteleka chai, maana aliyekupalilia bure humfukuzi.

Majani yakapukutika, maganda yakatoka matupu. Zeyana alipokuja tena, Radhiya hakujizuia. "Haya, furahi. Mbegu ya mama ishakufa."

Zeyana akatoka mbio, akarudi na kopo. Ndani mlikuwa na kunde kavu, zimechanganywa na jivu.

"Mwaka jana nlipokuwa nachuma majani nlichuma na maganda makavu. Nkakuwekea. Nakujua, huna akiba wewe."

Radhiya alilikumbatia kopo, machozi yakamtoka. Hasira bado alikuwa nazo, tele, ila hakujua tena pa kuzitua.

"Panda," Zeyana akambembeleza. "Zikichipua ntakuja kuchuma mapema, kabla jua halijaniunguza."