Kizingiti cha Mdachi

Kwetu Rumonge, kila fundi wa ukoo wetu alichonga jiwe la kaburi lake mwenyewe, angali na nguvu zake. Majirani walisema tunajichuria. Waseme. Sisi tuliona aibu mtu aliyechongea mji mzima kulala chini ya kazi ya mwingine.

Jiwe la baba lilikuwa la marumaru nyeupe, lililoshushwa kutoka mlimani mabegani mwa watu. Alichonga jina la Mungu, akachonga jina lake, na chini akaacha mstari mtupu wa siku ya kufa. Tindo la kuchongea lilikuwa la wanaume; sisi mabinti tulipewa kusugua. Nilisugua jiwe lile kwa mchanga wa ziwa na maji, masika mawili, mpaka ncha za vidole zikachubuka. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba lilikuwa la baba peke yake.

Mdachi alipojengewa nyumba, alitaka kizingiti. Siku hiyo baba alikuwa safarini Kigwena. Karakana ilijaa mawe ya kusagia na mawe ya ngazi, lakini yule mtu akapita yote, akanyooshea bakora jiwe jeupe. Askari walikuwa wamesimama na viboko vyao. Baba mdogo, msimamizi wa waashi wa Mdachi, angeweza kusema ni jiwe la kaburi. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, bwana," akalibeba na vibarua wake. Nilimtemea mate kwenye nyayo zake mchangani.

Baba aliporudi tulikwenda mpaka uani kwa Mdachi. Karibu zaidi hatukuruhusiwa. Tuliona jiwe limekaa mlangoni, juu laini, hakuna hata herufi moja. Migongo ya mawe yetu huachwa na makovu ya tindo, kila fundi wa kwetu anajua. Uso laini ulikuwa mmoja tu, ule niliousugua mimi.

"Ndugu yangu ameyakwangua majina," baba akasema. "Amekwangua jina la Mungu kwa mukono wake."

Hakuchonga jiwe jingine. Hakuchonga tena kitu chochote. Aliugua kifua, akafa akimlaani ndugu yake wa tumbo moja, tukamzika chini ya mawe mawili ya ufukweni ambayo hata mbuzi angeyapiga teke.

Baba alipokuwa bado hai, baba mdogo alikuja kwetu. Nilimfungia mlango, na nasema kweli, nilifurahi. Alirudi, nikamfungia tena. Mara ya tatu nilimmwagia maji ya kuoshea samaki. Kisha Wadachi wakampeleka Usumbura kujenga huko, nami nikashukuru.

Vita vilipowatimua, watu wa mji walimiminikia ile nyumba. Huyu alibeba dirisha, yule alibeba kiti. Mimi nilikwenda na mtaimbo kuchukua jiwe la baba, hata kama limebaki tupu. Nikamkuta baba mdogo amepiga magoti mlangoni, mvi zimemjaa, anachokoa udongo pembeni mwa kizingiti kwa vidole.

"Umerudi kuiba tena?" nikamuuliza.

"Shika upande ule, mutoto wangu. Peke yangu siwezi."

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Alingoja nimalize. Kisha tukapenyeza mtaimbo, tukaliinua jiwe, tukaligeuza.

Chini yake kulikuwa na mchanga uliochekechwa, laini kama unga, tabaka nene. Jina la Mungu lilikuwepo. Jina la baba lilikuwepo. Hakuna herufi iliyopata mkwaruzo. Buti za Mdachi zilikuwa zimekanyaga mgongo wa jiwe, ambao baba mdogo aliulainisha ili pale mlangoni asitokee mtu wa kumuuliza kwa nini limelazwa kifudifudi.

Hasira haikuisha, ila sasa sikujua niitupe wapi.

"Mbona hukumwambia?" nikapiga kelele. "Amekufa anakulaani! Mbona hukumwambia?"

"Nilikuyaka mara tatu," akasema. "Nani alinifungiaka mulango?"

Alichomoa tindo kiunoni, akapangusa mchanga kwenye ule mstari mtupu, akaniuliza ndugu yake alikufa siku gani. Hakuijua. Mimi ndiye niliyekataza asipelekewe habari.