Sauti za Kuvuta Pumzi

Fundi anayepaka vanishi vitanda hapa Manzese hujifunga kitambaa mdomoni, na hukishusha pale tu anapotaka kupiga kinanda cha mdomo. Vidole vyake vimeshika rangi ya mninga hadi kwenye kucha. Anapigaga wimbo mmoja wa dansi, kila mchana, ameegemea kabati lisilo na milango. Kinanda hicho hulia kwa kupuliza na kwa kuvuta pumzi; sauti za kupuliza bado zinatoka. Zile za kuvuta pumzi zinapotea mojamoja tangu masika, na wimbo umebaki na mashimo. Jana Recho, anayetuuzia chai, akawa anayajaza kwa kuimba taratibu. Fundi akakishusha kinanda, akakohoa sana, akakifuta kwa shati.

“Sista, usinisaidie,” akasema. “Nataka nisikie sauti zimebaki ngapi.”