Skrubu ya nane iko mfukoni mwa Laurencia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Laurencia Martini anafungua maji ya moto katika bafu la gesti moja mjini Karatu, kisha anatoka na kufunga mlango. Haogi. Anatuliza vumbi.

Mvuke unajaa bafuni na kulishusha vumbi sakafuni. Baada ya dakika kumi anafunga maji, anapangusa vigae kwa kitambaa kibichi na kusubiri. Kioo cha juu ya sinki ndicho saa yake. Kikiwa na ukungu, kamera haiingii.

"Vumbi la Karatu nalifahamu kuliko majirani zangu," anasema mama huyu wa watoto wawili, mwenye miaka 34. "Nimesafisha vyumba vya loji miaka sita. Najua linapojificha. Wenzangu hulijua wakishaliona kwenye picha."

Kazi yake leo ni kubadilisha maunti, yaani pete ya chuma inayoshika lenzi kwenye kamera ya sinema. Kamera imekuja na pete ya aina moja, lenzi zilizokodiwa Arusha ni za aina nyingine, hivyo hazikai. Pete inashikwa na skrubu nane. Nyuma yake hukaa vipete vyembamba kuliko karatasi, viitwavyo shimu. Ikipotea shimu moja tu, picha yote inatoka na ukungu.

Kuhusu shimu kupotea, Laurencia ana kisa chake, na hakisimulii kwa upole.

Akiwa bado loji, alimkuta mgeni wa chumba namba tisa, mpiga picha aitwaye Piusi, akimulika tochi ndani ya kamera. Akamuuliza anatafuta nini. Piusi, mwenyeji wa Mbulu, hakumcheka. Alimfundisha misimu miwili, kila alipopita na timu zake.

Mwaka juzi kampuni moja ya filamu ikamchukua Laurencia kama mbeba mizigo. Kwenye ukingo wa kreta, upepo wa Agosti ukivuma, msaidizi wa mpiga picha wa kampuni hiyo akafungua kamera juu ya boneti ya gari.

"Nikamwambia, kaka, usifungue hapa. Akanijibu, dada, rudi kwenye mashuka yako."

Shimu moja ikapeperuka. Kazi ya siku mbili ikaharibika. Aliyefukuzwa ni Laurencia, ikidaiwa kwamba alipakia vifaa ovyo.

"Nililia mtaa mzima ukasikia," anasema. "Kisha nikanunua bisibisi."

Piusi alimpa kamera mbovu. Laurencia aliifungua na kuifunga nyumbani kwa mama yake mpaka akaweza kuifanya macho yakiwa yamefumbwa. Leo analipwa shilingi 120,000 kwa siku, ingawa miezi ya mvua hupita bila siku hata moja. Loji alilipwa 150,000 kwa mwezi.

Waliomwita safari hii ni kampuni ileile. Fundi wao hafiki mpaka Jumatatu, na leo wanatakiwa Endulen kuwapiga picha wafugaji. Laurencia alikubali kwa sharti kwamba pete ataigusa yeye peke yake.

Julius, msimamizi wa safari, anagonga mlango wa chumba.

"Dada Laurencia, tunaondoka saa moja! Endulen si hapa!"

"Kioo bado, kaka Julius."

"Kioo gani tena?"

Kioo kinapokauka, Laurencia anaingiza kamera na kuilaza juu ya stuli. Kila skrubu inayotoka anaiweka katika trei la kugandishia barafu, kila kitundu na namba yake aliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito. Pete ya zamani inatoka, mpya inaingia, shimu zote mahali pake. Skrubu ya kwanza mpaka ya saba zinarudi bila haraka.

Anatoka kuchukua futikamba. Julius, aliyekwisha ingia chumbani, ameweka kitandani karatasi ya majina ya kuonyesha kwenye geti la hifadhi, Loduare. Laurencia anaisoma mara moja. *Laurencia Martini, mbeba mizigo.*

Anarudi bafuni, anatoka tena.

"Kaka Julius, kamera ina skrubu saba. Ya nane iko mfukoni mwangu."

"Acha utani, dada."

"Soma karatasi yako, uone nani anatania."

Julius anasoma. "Aa, hii ni ya getini tu. Nani ataijali?"

"Mwaka juzi pia niliandikwa mbeba mizigo," anasema Laurencia, na sauti yake haipandi. "Ndiyo maana shimu ilipopotea hakuna aliyeniuliza nimeona nini. Mbeba mizigo anaona nini? Andika kazi ninayoifanya."

Nje dereva anapiga honi. Julius anapapasa mifuko, hana kalamu. Laurencia anampa ile ya kuandikia namba kwenye trei. Msimamizi anakata maneno mawili na kuandika mengine mawili: *fundi kamera*.

Laurencia anayasoma mara mbili, kisha anaifunga skrubu ya nane na kupachika lenzi.

"Sasa simama hapo mlangoni, usicheke."

Anavuta futikamba kutoka kamera hadi jicho la Julius: mita mbili. Anaizungusha lenzi mpaka alama ya mita mbili. Kwenye skrini masharubu ya msimamizi yanaonekana unywele mmoja mmoja.

"Alama haidanganyi," anasema, na anafunga sanduku.

Ndani ya gari, sanduku likiwa mapajani, anaeleza mpango wake. Anatafuta chumba cha kupanga Karatu mjini, cha kutengenezea kamera za watu wa filamu.

"Wenzangu wakikagua nyumba wanaanza na sebule. Mimi naanza na bafu. Likiwa na vigae na maji ya moto, nimehamia. Wanaokwenda Nairobi kwa ajili ya skrubu nane watanikuta hapa hapa."

Loduare, askari wa geti anapitisha kidole kwenye orodha, kinasimama palipokatwakatwa kwa wino mzito. Anatazama ndani ya gari, kwa wanaume.

"Fundi kamera ni yupi?"

"Ni mimi," anajibu Laurencia, kabla Julius hajafungua mdomo.