Mafuta Mazito ya Giaboksi

Siku ile naikumbuka kama juzi, mwanangu, na wewe acha kucheka, sijaanza hata. Unaniambia fundi wako anataka kumimina kwenye giaboksi ya hilo gari lako kuukuu mafuta yoyote aliyo nayo, eti mafuta ni mafuta. Keti hapa kwanza.

Uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi. Marehemu baba yako alinunua gari lililotumika, kutoka kwa mwenye duka mmoja wa Migori aliyekuwa akihama. Lilikuja na kitabu chake, na kitabu kilitaja mafuta ya giaboksi: mepesi, yale yale ya injini. Lakini gia zilikuwa zikilia, na dereva mmoja wa lori akamshauri atie yale mazito ya difu, ya ekseli ya nyuma. Kelele zikaisha. Ee, alivyotamba pale kwetu Uriri! Akasema waliotengeneza gari hawazijui barabara zetu. Kumbe yale mafuta yalikuwa yakila shaba iliyomo ndani, ile inayosaidia gia kuingia, polepole, miezi yote ile.

Mimba ya dada yako ilipofika mwezi wa tisa, nikaanza kutoka damu. Baba yako akanikimbiza hospitali ya Homa Bay. Mama yangu alikaa nami kiti cha nyuma, amejifunika leso usoni, maana kwetu Wajaluo mama mkwe na mkwe hawatazamani, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Baada ya Rongo, katikati ya kilima, gari likakataa. Gia ya kwanza, haiingii. Ya pili, haiingii. Baba yako akapigana nayo mpaka jasho likamtiririka, na mimi huku nyuma nahisi roho inanitoka. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa sana.

Gia iliyokubali ilikuwa moja tu, ya kurudi nyuma. Watu waliokuwa wakitoka sokoni wakatusaidia kuligeuza gari, tukaanza kupanda kilima kinyumenyume. Sasa dereva arudi nyuma vipi bila kugeuza shingo? Na akigeuza, mama mkwe ndiye huyo! Akainamisha macho, gurudumu moja likaingia mtaroni.

Mama akaivua leso. "Yawa, niangalie!" akamwambia yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu anioe. "Mtoto wangu anakufa hapa na wewe unaona haya? Kata kulia! Kulia tena!"

Akamwangalia. Alikuwa analia, baba yako. Tukafika juu hivyo, na huko lori la pamba likatuchukua. Dada yako alizaliwa juu ya magunia kabla hatujaiona hospitali. Ndiyo maana anaitwa Ayoo, wa njiani.

Mama alipomaliza kumfunga mtoto kitovu, akamgeukia baba yako. "Kitabu ulikuwa nacho," akasema, "na kusoma unajua." Kisha akajifunika leso yake, na hakumsemesha tena mpaka tulipomzika mama.

Kwa hiyo nenda kwa huyo fundi na kitabu cha gari mkononi. Atie mafuta yaliyotajwa mle, hayo hayo, yasizidi uzito wala yasipungue. Kama hana, mwambie angoje, uyafuate hata Kisii. Na gari likinyamaza usidhani limepona.

Haya, nenda. Mungu akutangulie barabarani, akupe mke na watoto, na hao watoto wote wazaliwe kitandani.